Mtoto Asiyepatana na Ngano: Tumpikie Nini?



Chapati ni chakula kizuri. Maandazi ni chakula kizuri. Mkate na chai asubuhi humpa mtu nguvu ya kwenda shambani. Watu wengi hula ngano maisha yao yote, nayo haiwadhuru.

Lakini wapo watu wachache ambao miili yao haipatani na ngano. Kwao, hata andazi moja linadhuru. Wakila ngano huumwa. Wakiiacha kabisa hupona, hunenepa na kufanya kazi. Ugonjwa huu unaitwa seliaki.

Dawa ya seliaki si kidonge wala sindano. Dawa yake ni chakula. Na sehemu kubwa ya chakula hicho tunacho wenyewe mashambani, ghalani na zizini. Leo tutajifunza ugonjwa huu unavyofanya kazi. Kisha tutaingia jikoni tupike.

Mimi ni kijana, mganga msaidizi wa zahanati. Mama zangu na dada zangu mnanishinda kwa mapishi. Lakini nawaomba tusome pamoja, kwa sababu jambo hili linaanzia zahanati na kumalizikia jikoni.

GLUTENI NI NINI?

Ndani ya ngano mna kitu kinachonata. Kitu hicho kinaitwa gluteni. Ndicho kinachofanya unga wa chapati uvutike bila kukatika.

Unaweza kukiona kwa macho yako. Chukua donge la unga wa ngano uliokandwa vizuri. Lioshe polepole ndani ya bakuli la maji, huku ukilibonyezabonyeza. Maji yatakuwa meupe kama maziwa. Mwaga maji hayo, weka mengine, endelea kuosha. Mwishoni utabaki na kipande kidogo kinachovutika kama mpira. Hiyo ndiyo gluteni.

Sasa fanya hivyo hivyo kwa donge la unga wa mahindi. Donge lote litatawanyika majini. Hakuna mpira utakaobaki. Ndiyo maana chapati ya mahindi hukatika.

Gluteni ya namna hiyo imo katika ngano, shayiri, na nafaka ya nchi za baridi iitwayo rai. Haimo katika mahindi, mchele, mtama, uwele, ulezi, muhogo, viazi wala ndizi.

INADHURUJE MWILI?

Ndani ya utumbo mwembamba mna vinyama vidogo vingi sana. Vimesimama kama manyoya ya taulo. Kazi yake ni kunyonya chakula na kukiingiza katika damu, kama mizizi inyonyavyo maji ardhini.

Mwili una askari wake wa kupigana na vijidudu. Kwa mtu mwenye seliaki, askari hao wanapoiona gluteni wanakosea. Wanaushambulia utumbo wenyewe. Ni kama mlinzi anayebomoa nyumba aliyopewa kuilinda. Vile vinyama vinasinyaa na kulala. Chakula kinapita tu, hakinyonywi. Mtoto anakula lakini haneemeki.

Hapo ndipo tunaona dalili hizi:

1. Mtoto anaharisha kwa majuma mengi. Kinyesi ni kingi, kinanuka sana, na pengine kina mafuta.
2. Tumbo linavimba, lakini mikono, mapaja na matako yanakonda.
3. Mtoto haongezeki uzito. Kadi yake ya kliniki inaonyesha mstari ulolala au unaoshuka.
4. Damu inapungua. Mtoto anachoka, ananuna, hachezi na wenzake.
5. Mtu mzima anaweza kuchoka siku zote, kupungukiwa damu, kuumwa tumbo, au kupata vidonda mdomoni mara kwa mara. Pengine haharishi kabisa.

Kwa watoto wengi dalili hizi hazianzi siku za kunyonya tu. Huanza baada ya kuzoeshwa uji, mkate au maandazi yenye ngano.

Ugonjwa huu hauambukizi. Si laana wala si kurogwa. Wala si kosa la mama. Mtu huzaliwa na mwelekeo wake, na mara nyingi huonekana katika ukoo mmoja. Mtu akiwa nao, kwa kadiri ndugu 1 kati ya 10 wa damu ya karibu anaweza kuwa nao pia.

USIKIMBILIE KUJIPIMA MWENYEWE

Hapa naomba msomaji asimame kidogo.

Watoto wengi wanaoharisha vijijini hawana seliaki. Wameharishwa na maji machafu, minyoo au vijidudu vingine. Wengine wamekonda kwa sababu chakula chenyewe hakitoshi. Kifua kikuu na virusi vya UKIMWI navyo hukondesha. Kwa hiyo mtoto anayeharisha apelekwe zahanati kwanza. Apewe maji ya chumvi na sukari ya pakiti, pamoja na vidonge vya zinki. Aendelee kunyonya na kula.

Ikiwa mtoto ametibiwa lakini haponi, mganga atamwandikia barua ya kwenda hospitali kubwa. Huko hupimwa damu. Kisha daktari anaweza kuutazama utumbo kwa chombo maalumu na kukata kipande kidogo sana cha kupima.

Jambo la kukumbuka ni hili: usimwachishe mtoto ngano kabla hajapimwa. Akiacha ngano muda mrefu, kipimo kinaweza kuonyesha kwamba hana ugonjwa, kumbe anao. Apimwe kwanza, ndipo aache.

WAGANGA WALIGUNDUAJE?

Kwa miaka mingi madaktari waliuona ugonjwa huu bila kujua chanzo chake. Mwaka 1888 daktari Mwingereza, Samuel Gee, alieleza vizuri dalili zake. Alisema kuwa mgonjwa akipona, itakuwa kwa chakula. Lakini hakujua ni chakula kipi kinachodhuru.

Mwaka 1924 daktari Sidney Haas wa New York, Marekani, aliandika juu ya watoto aliowatibu kwa ndizi mbivu. Aliwakataza mkate na nafaka. Watoto wakapona. Watu wakadhani ndizi ina dawa ya ajabu. Kumbe siri haikuwa katika ndizi waliyokula. Ilikuwa katika mkate walioacha.

Aliyefumbua siri hiyo ni Willem Karel Dicke, daktari wa watoto wa Uholanzi. Tangu miaka ya 1930 aliona kwamba watoto wake wanapata nafuu wakiacha mkate. Kisha ikaja vita. Katika majira ya baridi ya mwaka 1944 hadi 1945, Uholanzi ilikuwa na njaa kali, na mkate ulikuwa adimu. Mambo ya wakati ule yalimthibitishia wazo lake. Mwaka 1950 alitoa utafiti wake ulioonyesha kuwa ngano ndiyo inayowadhuru watoto hawa.

Tusidhani huu ni ugonjwa wa Wazungu tu. Wasahrawi wa Sahara Magharibi, hapa hapa Afrika, zamani waliishi kwa maziwa ya ngamia, nyama na tende. Tangu mwaka 1975 wengi wao walikimbilia kambi za wakimbizi nchini Algeria, na mkate wa ngano ukawa chakula chao kikuu. Utafiti uliotangazwa mwaka 1999 ulionyesha kuwa watoto 5 au 6 kati ya kila 100 waliopimwa walikuwa na seliaki. Katika nchi nyingi za dunia ni mtu 1 hivi kati ya 100.

NINI KILIWE, NINI KIACHWE?

Vyakula vya kuliwa ni hivi: ugali wa mahindi, mtama, uwele, ulezi au muhogo. Wali, ndizi, viazi vitamu, viazi mviringo na magimbi. Maharage, kunde, mbaazi, choroko na karanga. Nyama, samaki, dagaa na mayai. Maziwa na jibini. Mboga zote za majani na matunda yote.

Vyakula vya kuachwa ni hivi: chapati, maandazi, mkate, keki, biskuti, tambi na sambusa za ngano. Bia ya shayiri nayo iachwe na mtu mzima mwenye ugonjwa huu.

Lakini iko mitego. Ngano hujificha mahali usipoitazamia:

Uji wa lishe. Watu wengi huchanganya nafaka nyingi, na ngano imo. Nunua nafaka zako, changanya mwenyewe.

Mashine ya kusaga. Kama mwenzako ametangulia kusaga ngano, unga wako wa mwanzo utatoka na ngano. Ongea na mwenye mashine. Omba usage baada ya debe kadhaa za mahindi.

Vitumbua vya sokoni. Kitumbua ni cha mchele, lakini wauzaji wengine hutia ngano kidogo ili kishikane.

Mafuta na vyombo. Viazi vilivyokaangwa katika mafuta ya maandazi vimeguswa na ngano. Kikaango cha chapati kisuguliwe vizuri kwanza, au mgonjwa awe na chake.

Wazazi wengine huuliza, "Akila kidogo tu Sikukuu, kuna ubaya?" Jibu ni ndiyo. Hata kama haharishi siku hiyo, utumbo unaumia. Kuacha ngano ni kwa maisha yote.

TUINGIE JIKONI

Mjini huuzwa unga wa kizungu uliotengenezwa kwa ajili ya wagonjwa hawa. Bei yake ni kubwa. Hatuuhitaji. Mwaka 1975 Watanzania walisoma kwa redio na vikundi katika kampeni ya Chakula ni Uhai. Walikumbushwa kwamba chakula bora hutoka hata katika bustani ya nyumbani. Somo hilo latufaa leo.

Tutatumia jibini, yaani maziwa yaliyogandishwa na kukamuliwa maji. Jibini hujenga mwili na mifupa. Tena ina faida nyingine. Utumbo ulioumia mara nyingi hushindwa kuisaga sukari iliyomo katika maziwa mabichi, na mtoto huharisha. Sehemu ya sukari hiyo hutoka pamoja na maji ya jibini. Kwa hiyo jibini kidogo huweza kumkubali mgonjwa kabla maziwa hayajamkubali. Anza na kipande kidogo, uone.

Tutatumia pia majani mabichi ya kukoleza chakula: giligilani, mnanaa, mrihani na majani ya vitunguu. Mtoto aliyenyimwa andazi asipewe chakula kisicho na ladha. Akiona chake hakinukii, atakwenda kula cha jirani. Panda majani haya katika ndoo kuukuu karibu na jiko, uyanyweshe maji safi. Kabla ya kutumia, yaoshe vizuri. Lakini majani ya kukoleza hayatoshi kuwa mboga. Mchicha, matembele na kisamvu viendelee kuliwa.

Jibini ya nyumbani

Vitu: maziwa lita 2 ya ng'ombe au mbuzi, maji ya ndimu au limau vijiko 5 vya chakula, chumvi kidogo, kitambaa safi kilichochemshwa.

1. Nawa mikono kwa sabuni.
2. Chemsha maziwa mpaka yapande. Usiruke hatua hii. Maziwa mabichi yanaweza kuwa na vijidudu vya kifua kikuu na vya ugonjwa wa kutupa mimba wa ng'ombe, ambao humpata mtu pia.
3. Punguza moto. Tia maji ya ndimu kidogo kidogo huku ukikoroga polepole.
4. Maziwa yatakatika. Utaona mabonge meupe na maji ya kijani hafifu. Yasipokatika, ongeza ndimu kidogo.
5. Ipua. Ngoja dakika 10. Chuja kwa kitambaa.
6. Mimina maji safi yaliyochemshwa ili kupunguza ukali wa ndimu. Tia chumvi. Kwa mtoto wa chini ya mwaka mmoja usitie chumvi.
7. Funga kitambaa, weka juu ya sahani safi, gandamiza kwa jiwe lililooshwa kwa saa moja.

Jibini hii iliwe siku hiyo hiyo kama huna jokofu. Maji yaliyobaki usiyamwage. Pikia ugali wa watu wazima. Yule ambaye bado anaharishwa na maziwa asipewe ugali huo.

Mkate wa mahindi kwa jibini na majani

Vitu: unga laini wa mahindi vikombe 2, mayai 2, maziwa ya mgando kikombe kimoja na nusu (yatokane na maziwa yaliyochemshwa), jibini iliyovunjwavunjwa kikombe 1, majani ya vitunguu fungu 1, giligilani kiganja kimoja, mafuta vijiko 2, chumvi kijiko 1 cha chai.

1. Piga mayai mpaka yatoe povu. Tia maziwa ya mgando na mafuta.
2. Tia unga na chumvi. Koroga. Acha nusu saa ili unga unywe maji.
3. Katakata majani. Yatie pamoja na jibini.
4. Paka sufuria mafuta. Mimina.
5. Weka juu ya makaa machache. Funika, na juu ya kifuniko weka makaa mengi zaidi.
6. Baada ya dakika 30 hadi 40, choma kwa kijiti kisafi. Kikitoka kikavu, mkate umeiva.

Mkate huu hauumuki kama wa ngano, kwa sababu hauna gluteni. Lakini unashiba, na mtoto anaweza kuuchukua shuleni.

Mboga ya jibini

Kaanga kitunguu kimoja. Tia nyanya 3 zilizokatwa, zipondeke. Tia mchicha fungu moja. Ukilainika, tia vipande vya jibini na chumvi. Jibini hii haiyeyuki motoni, hubaki vipande kama nyama. Ipua, nyunyiza giligilani au mrihani. Kula na ugali, wali au ndizi za kuchemsha.

Badala ya andazi

Watu wa pwani walikwisha tuonyesha njia. Loweka mchele vikombe 2 usiku kucha. Asubuhi usage pamoja na tui kikombe 1, hamira kijiko 1 cha chai, sukari nusu kikombe na hiliki. Acha uumuke. Choma katika chuma cha vitumbua. Mtoto atakunywa chai kama wenzake. Na familia nzima itakula chakula hicho hicho.

Neno la tahadhari: kama unatumia unga wa muhogo, hakikisha mihogo michungu imelowekwa na kukaushwa vizuri kwanza, maana ina sumu. Mahindi na karanga zenye ukungu zisiliwe na mtu yeyote.

TUWAELEZE MAJIRANI

Mtoto wa kijijini halishwi na mama yake peke yake. Hulishwa na bibi, shangazi, jirani na mwalimu. Kila mmoja akimpa andazi moja kwa huruma, jitihada yote ya mama inapotea.

Tuseme bibi anakuja kutembea na mkate mkononi. Mama asikae kimya kwa haya. Aseme kwa adabu: "Shikamoo mama. Ahsante kwa zawadi. Huyu mjukuu wako amepimwa hospitali, na ngano inamuumiza tumbo. Tumpe ndizi." Bibi hatakasirika. Anampenda mjukuu wake. Anachohitaji ni kuelezwa.

Baba naye ana kazi yake. Ni yeye mara nyingi anayerudi na mkate kutoka dukani. Arudi na mchele, mayai au maziwa. Naye asikubali mkewe aambiwe kuwa amemlaani mtoto.

Vile vinyama vya utumbo vina uwezo wa kuota tena. Mtoto akiacha ngano kabisa, kuharisha hupungua, kwa wengi ndani ya majuma machache. Hamu ya kula inarudi, kisha uzito unapanda. Mpeleke kliniki kila mwezi, mstari wa kadi uonekane ukipanda.

TUKUMBUKE

1. Ngano ni chakula kizuri kwa wengi, bali inawadhuru wachache.
2. Mtoto apimwe kwanza ndipo aache ngano.
3. Akiacha, aache kabisa na kwa maisha yote.
4. Mahindi, mchele, mtama, muhogo na ndizi havina gluteni.
5. Maziwa ya jibini yachemshwe.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Kwa nini watoto wa daktari Haas walipona? Je, ni kwa ajili ya ndizi?
2. Katika kijiji chetu, ngano hujificha katika vyakula gani?
3. Mashine yetu ya kusaga hutumiwaje? Tunaweza kupanga siku ya kusaga ngano peke yake?
4. Nani huwalisha watoto wetu tunapokuwa shambani? Tumewaeleza?